Mjomba na Taa Nyekundu

Mtu aliyetumikia TAZARA upande wa ishara za treni hawezi kulala kwenye nyumba yenye taa nyekundu. Hatukulijua hilo siku tulipompokea mjomba kwenye stesheni ya Mbingu, na sanduku lake la bati, redio ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kadi ya kliniki ya macho ya Ifakara. Ukoo ulikuwa umekubaliana akae kwetu mpaka mavuno ya mpunga yapite, maana kwangu ndiko karibu na kliniki kuliko kwa watoto wake walioko Mbeya. Macho, kwa maelezo yake mwenyewe, yalikuwa yamechoka: gazeti hasomi, watu anawatambua kwa sauti. Lakini taa nyekundu, hata iwe ndogo kama punje ya mtama, aliiona kutoka uani.

Usiku ule ule, watoto wamelala, nikasikia mtu anapapasa sebuleni. Nikatoka na tochi ya simu. Mjomba alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati la TV, shuka begani.

“Shikamoo mjomba. Umepotewa na nini?”

“Marahaba. Sijapotewa na kitu. Mpwa wangu, humu ndani kuna taa nyekundu nne na hakuna treni inayokuja.”

Nikamweleza kwamba hivyo ni vyombo vilivyozimwa. TV ile, king'amuzi kile, sabufa hii, na ya nne ni taa ya ekstensheni yenyewe.

“Kimezimwa,” akasema, “na taa inawaka. Nani anailipa?”

Nilirudi kulala bila jibu. Mume wangu, ambaye hakuwa amefungua hata jicho, akaniuliza kama mjomba ameleta na bendera zake za kijani. Asubuhi tulikuta kila swichi ya ukutani imezimwa, na simu zetu zote mbili, tulizoziacha kwenye chaja, zimekufa.

Mjomba alikuwa na hoja, na hoja yenyewe si ya kuchekwa. Chombo kinachozimwa kwa rimoti hakijazimika. Hakina budi kubaki macho ili kisikie rimoti itakapokiita tena, na kinachobaki macho kinakula. King'amuzi ndicho kibaya zaidi, kwa sababu hata ukikizima kwa rimoti, ndani yake mengi yanaendelea: kinashika mawimbi, kinapokea taarifa za chaneli, kinatunza saa. Ukikigusa juu asubuhi kina joto. Joto hilo ni umeme wako. Sabufa nazo, hasa hizi za bei nafuu tunazozipenda kwa kishindo, zina transfoma nzito ndani inayobaki kwenye umeme hata muziki ukiwa umekatwa kwa rimoti.

Tena mjomba alikuwa na kisa chake na umeme wenyewe. Alikuwa kazini huku kwenye bonde la Kilombero wakati mradi wa Kihansi unajengwa kwenye milima ya Udzungwa, ukitoka hapa kuelekea Mlimba. Mtambo ulizinduliwa mwaka 2000, megawati 180, na mashine zake zimechimbiwa ndani ya mwamba. Maji yaliyokuwa yakiporomoka korongoni yakaelekezwa kwenye mashine hizo, na yale manyunyu yaliyokuwa yakilowesha majani usiku na mchana yakakauka. Ndani ya manyunyu hayo walikuwa wanaishi vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, urefu wao haufiki sentimeta tatu, wasiopatikana mahali pengine popote duniani, ambao hawatagi mayai bali huzaa watoto wakamilifu. Wanasayansi walikuwa wamewagundua mwaka 1996 tu. Mwishoni mwa 2000 karibu vyura 500 walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ili kizazi kisipotee. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwenye korongo lao, ambalo sasa limetandazwa mabomba ya kunyunyizia maji.

“Chura amepanda ndege mpaka Marekani,” mjomba alikuwa akiwaambia wanangu wakati wa chakula cha usiku. “Mimi babu yenu sijapanda. Amepanda kwa sababu ya umeme. Halafu nyinyi mnauacha unang'aa bure mpaka asubuhi.”

Mume wangu alijaribu kumjibu kwa hesabu kubwa. Akasema mambo ya Kihansi ni ya zamani. Siku hizi Mto Kilombero unakutana na Luwegu, inazaliwa Rufiji, na Rufiji inaendesha bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. “Maji yenyewe yanatoka hapa hapa kwetu, mjomba. Kataa ka TV katapunguza nini?”

“Katapunguza pesa zako, mkwe wangu. Bwawa halinunui LUKU.”

Hapo mjomba alimpata. Kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, nyumba yetu iko kwenye kundi la wateja wadogo: kwa bei za wakati ule, uniti 75 za mwanzo za mwezi kila moja ni shilingi 100, na ukijumlisha VAT asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini (REA) na asilimia 1 ya mdhibiti (EWURA), unalipa shilingi 122. Ukivuka 75, uniti ya 76 ni shilingi 350, na pamoja na makato hayo inafika 427. Ukizidisha hivyo mwezi baada ya mwezi unahamishwa kabisa kwenye kundi la juu, ambako uniti inasimama kwenye shilingi 292 kabla ya makato, yaani kama 356, na huko hakuna uniti za bei rahisi. Kila mwenye mita kijijini anaijua mipaka hii kuliko mipaka ya shamba lake. Na sisi tuna friza. Friza ndiyo biashara yangu: barafu za ubuyu kwa watoto wa shule, na samaki wa mtoni kwa wanaoagiza. Friza peke yake inakula zaidi ya uniti moja kwa siku, kwa hiyo nyumba nzima inaishi kwenye ukingo wa 75, na mwisho wa mwezi tunatembea kwa ncha za vidole.

Kwa hiyo nilimwachia mjomba mamlaka. Akaanzisha zamu. Watoto waligeuzwa wakaguzi, pipi moja kwa kila taa nyekundu watakayoigundua na kuizima ukutani. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wiki ya pili taa za nyumbani zikaisha, na pipi ni tamu, wakaanza kukagua kwa majirani. Mwalimu anayekaa nyumba ya tatu alikuja na adabu zake zote kuniuliza kama ni kweli mwanangu wa pili ametumwa na serikali ya kijiji kuzima redio yake.

Kisha ikaja siku ya mechi ya Simba na Yanga. Kwetu siku hiyo sebule si yangu tena. Watu walianza kuingia saa moja kabla, na mabenchi yao, na mmoja na mwanawe mchanga. King'amuzi kilikuwa kimezimwa ukutani tangu juzi yake kwa amri ya mjomba. Mume wangu akapiga swichi, akabonyeza rimoti, akakaa. Kioo kikaandika kwamba king'amuzi kinajiandaa. Kikajiandaa. Kikaandika kwamba kuna programu mpya na kisizimwe. Asilimia 4. Asilimia 9. Watu wazima ishirini na kitu walikuwa wanatazama asilimia. Ilipofika 61, nyumba ya jirani ikalipuka kwa shangwe, na kwenye sebule yetu nusu ya watu wakashika vichwa bila kujua kama wafurahi au walie, maana mwenye nyumba ile ana marafiki wa pande zote mbili. Picha ilipokuja, goli lilikuwa limeshaoneshwa na marudio yake yamekwisha. Mjomba, aliyekaa kwenye kiti cha heshima na redio yake ya betri sikioni, ndiye pekee aliyejua nani kafunga. Alikataa kusema mpaka waombe kwa adabu.

Nayapita haraka mengine: saa ya mezani iliyokuwa ikituamsha ikaanza kupepesa sifuri kila alfajiri, pasi ya moto iliyozimwa mikononi mwangu nikiwa katikati ya shati la shule. Ninalotaka kulieleza taratibu ni la friza.

Ilikuwa wakati mpunga umechanua na ndege wameshuka. Wakati huo sisi wa bondeni tunahamia shambani kuamia ndege. Mnapanda kwenye dungu kabla ya jua kuchomoza na mnashuka giza likiingia, na mwendo wa kurudi kijijini kila siku hauna maana. Tukamwacha mjomba na nyumba. Ndani ya friza kulikuwa na kambale, perege na kitoga waliojaa mpaka kwenye mfuniko, oda ya dada mmoja wa Ifakara aliyekuwa na kipaimara cha mtoto, Jumapili inayofuata. Juu yao mifuko ya barafu za ubuyu. Nilimshika mjomba mkono, nikampeleka mpaka kwenye friza, nikamwambia: hii, mjomba, haizimwi. Zima vyote, hii usiizime.

“Mimi ni mtu wa reli,” akasema. “Najua treni ya mizigo haisimamishwi.”

Siku mbili baadaye aliitwa kliniki, na akaambiwa atabaki Ifakara siku kadhaa. Kabla ya kuondoka akafunga stesheni. Alikusudia kuzima sebule tu, na ili asipige magoti tena nyuma ya kabati, akaenda kwenye meni swichi, ambako kila upande wa nyumba una kitufe chake. Chini ya kila kitufe fundi alikuwa ameandika kwa kalamu: sebule, vyumba, jiko, stoo. Maandishi ndiyo hasa macho ya mjomba yaliyokuwa hayayaoni. Akashusha kimoja, akapanda bodaboda.

Friza iliyojaa, ikiwa haifunguliwi, huhimili kama siku mbili bila umeme, kwa sababu vitu vilivyoganda vinapoozana vyenyewe. Yetu iliachwa muda mrefu kuliko huo, katika joto la bonde, na paka wa jirani walijua kabla yetu. Tuliporudi kutoka shamba tuliwakuta wamejipanga kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Ndani, nilipopita sebuleni, taa nyekundu zote nne zilikuwa zinawaka. Kutoka stoo hakukuwa na sauti yoyote.

Nikainua mfuniko. Sitawasimulia harufu. Maji ya rangi ya waridi yalikuwa yamefika nusu ya friza, na mifuko ya ubuyu inaelea juu, imevimba, mingine imechacha mpaka kifundo kimefunguka. Kambale mmoja alikuwa amebaki jicho juu ya maji ananitazama. Mume wangu alitoka nje bila kusema neno, akarudi na jembe, akaanza kuchimba nyuma ya mgomba.

Mjomba alifika jioni na miwani mipya. Akasimama mlangoni mwa stoo, akavuta hewa, akaenda moja kwa moja kwenye meni swichi, akasoma kwa sauti kile alichokuwa hajakisoma: “Stoo.” Kisha akavua kofia.

Niseme nini kwa mtu mzima aliyevua kofia? Nikamwekea maji ya kuoga.

Dada wa kipaimara alirudishiwa fedha yake, na ilibidi niongeze ya usumbufu. Mdogo wangu wa mwisho, anayesomea umeme chuo cha ufundi cha VETA na alikuwa amekuja likizo, akatoa simu akapiga hesabu ambayo hakuna aliyemwomba: samaki wale, kwa bei waliyonunuliwa, wangelipia taa nyekundu za sebule kwa miaka mitano na ushee. Mjomba akamtazama kupitia miwani mipya.

“Fundi, umezipima lini hizo taa?”

Hakuwa amezipima. Alikuwa amekadiria. Na hivyo ndivyo, usiku uliofuata, familia nzima ilivyoishia kukaa kibarazani chini ya mita.

Mita nyingi zina kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na kando yake namba. Yetu imeandikwa 1000: kitaa kikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwenda. Mdogo wangu akatueleza kwamba hicho kinatosha kuwa kipimo. Ukizima kila kitu na kuacha kitu kimoja, ukahesabu dakika kati ya mpepeso na mpepeso, unajua kinakula kiasi gani. Chombo cha wati 10 kitapepesa mara 10 kwa saa, yaani mara moja kila dakika sita. Mjomba alikitazama kitaa kile kwa muda, nadhani kwa mara ya kwanza. Ilikuwa taa nyekundu ambayo hawezi kuizima na ambayo ilikuwa na kazi.

Akatoa saa yake ya mfukoni, akashika usukani wa shughuli. Friza, ambayo sasa ilikuwa imesafishwa na iko tupu, ilichomolewa. Taa zote zikazimwa. Tukaacha vile vinne vya sebule vikisubiri rimoti.

Giza. Mbu. Vyura wa kawaida, wale wasiopanda ndege, wanaimba mashambani. Kitaa kikapepesa. “Moja,” mjomba akasema. Tukakaa kimya. Mwanangu wa mwisho akalala. Zilipita kama dakika tatu ndipo kikapepesa tena. Tukarudia, tatu hivi tena. Wati 20.

Tukaondoa king'amuzi: ikawa dakika sita. Nusu nzima ya mzigo ilikuwa ni kile kiboksi kilichotukosesha goli. Tukaondoa sabufa, tukabaki na TV na taa ya ekstensheni, tukasubiri mpaka uji uliopikwa kwa ajili ya mkesha ukapoa. Kitaa hakikupepesa. Mdogo wangu akasema TV yetu nyembamba inakula chini ya wati moja ikiwa inasubiri, na mita zenyewe huwa na kiwango ambacho chini yake hazihesabu. Chaja ya simu isiyo na simu, hali kadhalika. Yale mapambano yote ya mjomba dhidi ya chaja zetu yalikuwa ya bure.

TV kuwa hivi si bahati. Mwaka 1999 Shirika la Nishati la Kimataifa lilipendekeza kwamba chombo kinachosubiri kisile zaidi ya wati moja, na Umoja wa Ulaya ukaliweka kwenye sheria: wati moja kuanzia 2010, nusu wati kuanzia 2013, kwa vyombo visivyo na saa wala maandishi ya kuonyesha. Viwanda vinavyouza dunia nzima havipendi kutengeneza TV moja ya Ulaya na nyingine ya Mbingu, kwa hiyo mengi ya mazuri hayo yametufikia bila sisi kuomba. Zile TV za chogo tulizokuwa tunanunua za mtumba ndizo zilizokuwa zikila wati kadhaa zikiwa zimelala. Kwa hiyo aliyewahi kukwambia uzime ukutani miaka ile hakukudanganya. Vyombo ndivyo vilivyobadilika, isipokuwa king'amuzi na sabufa.

Wati 20 zikikaa mwezi mzima ni uniti 14 na nusu hivi. Kwa shilingi 122, hiyo ni kama 1,750, bei ya soda mbili na mandazi. Mume wangu akaanza kutabasamu kwa ushindi. Lakini mdogo wangu akasema subiri, shemeji, nyinyi mnavuka 75 au hamvuki? Siku hizi tunavuka. Basi, akasema, uniti hizo 14 na nusu za sabufa na king'amuzi ndizo zinazowavusha, na huko ng'ambo kila moja ni 427. Si 1,750 tena, ni zaidi ya 6,000. Kwa nyumba inayotumia uniti 40, taa nyekundu si kitu. Kwa nyumba ya uniti 150 nayo, si chochote mbele ya mengine. Kwa nyumba kama yetu, iliyosimama mpakani, kitu kidogo ndicho kinachosukuma.

Mjomba hakucheka. Alinyoosha kidole kuelekea sebuleni na kusema angalau kuna mtu mmoja humu aliyekuwa anaona mbali. Mume wangu akameza tabasamu lake.

Tungeishia hapo, na mjomba angelala akiwa ameshinda, kama mdogo wangu si mtu wa VETA. Watu wa VETA wakianza kupima hawaachi. Akasema tupime na vingine. Akaweka jagi la umeme: kitaa kikapepesa kila baada ya sekunde mbili kasoro, mjomba hakuwahi hata kuhesabu. Pasi, nusu ya kasi hiyo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiye na nia mbaya, mjomba anaoga maji ya moto ndoo ngapi kwa siku.

Mjomba anaoga maji ya moto asubuhi na jioni. Ni mazoea ya miaka yake ya Makambako, ambako kuna baridi kweli. Hapa bondeni, hata umande wa Udzungwa ukishuka, maji ya bomba yana uvuguvugu wa kumtosha mtu wa kawaida. Lakini mzee ni mzee, na hita ya kutumbukiza kwenye ndoo ilinunuliwa wiki ile ile aliyofika, kwa ajili yake.

Tukajaza ndoo ya lita 20, tukatumbukiza hita, tukawasha. Kitaa cha mita kikarudia kupepesa haraka haraka. Mdogo wangu akahesabu kwa kuweka alama za mkaa ukutani, kumi kumi. Maji yalipofika pale mjomba anapoyapenda, alama zilikuwa zaidi ya 400. Karibu nusu uniti, ndoo moja.

Nikaona mjomba anahesabu kichwani, midomo ikicheza. Nusu uniti kasoro ni taa zote nne za sebule kwa saa 23. Ndoo mbili kwa siku, siku 30, ni uniti 28: mara mbili ya taa zote, na zaidi ya theluthi ya zile 75 za shilingi mia. Kabla hajaja, mpaka wa 75 tulikuwa tunaugusa tu.

Hakuna aliyesema. Mume wangu alijiinamia kukuna mguu. Mjomba aliitoa hita kwenye ndoo, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa tochi, akaipapasa mpini wake wote.

“Haina taa,” akasema hatimaye.

“Haina, mjomba.”

“Chombo kinachokula hivi, na hawakukiwekea taa.”

Akaingia kuoga maji yale, maana yalikuwa yameshapata moto na kuyamwaga ingekuwa dhambi ya pili.

Siku zilizofuata mambo yalitulia kwa mpangilio ambao hakuna aliyeutangaza. King'amuzi na sabufa vilihamia kwenye ekstensheni yake yenyewe, yenye swichi mbele ya kabati, na anayekwenda kulala mwisho anaipiga kwa kidole gumba cha mguu. Siku ya mpira inawashwa tangu mchana. TV iliachwa na usingizi wake. Friza ilipata soketi yake, imezungushiwa utepe wa karatasi wenye gundi, na mjomba mwenyewe, kwa miwani mipya, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: MIZIGO. Radi zikianza kupiga upande wa Udzungwa, kila kitu kinachomolewa, hata friza, na hilo halina uhusiano na LUKU hata kidogo; jirani yetu alipoteza TV mbili kwa radi na hakuna sheria ya Ulaya itakayomrudishia.

Hita ilipotea. Nilipouliza, mjomba alisema ameipeleka sehemu salama. Kisha nikamwona anarudi kutoka kwenye mashine ya kukobolea mpunga na baiskeli ya kuazima, imepakia magunia matatu ya pumba. Pumba huku kwetu ni mlima nyuma ya kila mashine. Akachukua ndoo ya bati iliyotoboka, akatoboa tundu chini ubavuni, akasimamisha chupa katikati na kipande cha mti kwenye tundu, akashindilia pumba kuzunguka kwa kisigino mpaka zikawa ngumu, kisha akachomoa chupa na mti polepole bila kubomoa. Akawasha kwa chini.

Asubuhi ya kwanza moshi uliwatoa kuku bandani na mume wangu kitandani. Asubuhi ya pili mjomba alikuwa amejua kushindilia vizuri zaidi, moto ukatoka wa buluu kidogo, na ndoo ikachemka kabla sijamaliza kuwavalisha watoto. Asubuhi ya tatu mwalimu wa nyumba ya tatu alipita, akasimama, akaulizia, na jioni akaja na ndoo yake.

Sasa wanakuja wanne. Mjomba anakaa kwenye kigoda mbele ya jiko na saa yake ya mfukoni, na anawapanga kwa zamu. Ndoo ni shilingi 200. Ukija na pumba zako, 100.